Ukingo Uliokata Uzi wa Katunge

Pale Sultan Hamud, nyuma ya maduka ya barabara ya Mombasa, kuna benchi la mbao za makreti, na mimi ndiye ninayewauzia kahawa ya Nunguni wale wanaolikalia. Saa nane mchana joto hulegeza kila kitu. Mabati yanatetemeka, malori yanapita kama yanaelea, na hata mjinga huonekana anawaza. Mbele yetu ni kibanda cha Gedion, fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma, ndogo hata inakaa juu ya meza. Alikuwa amemuundia Katunge, rika langu, chombo cha kusokota uzi wa katani, maana vidole vya Katunge vimekakamaa na paja lake limechubuka kwa kusokotea hapo miaka yote. Uzi unapita kwenye mwanya wa bamba la aluminiamu. Ukingo wa mwanya ulikuwa unaukata. Gedion akaulainisha kwa mashine, uzi ukakatika tena. Bamba ni hilo moja, na Katunge alikuwa amesema likishindikana anaacha kufuma vikapu vyake vya viondo, katani yake agawe.

Siku hiyo Gedion alikuja benchini na visu viwili vya mashine. Kimoja kina kichwa cha mviringo kama ncha ya yai. Kingine kimebonyea ubavuni kama kiuno cha nyigu.

— Nilitumia hiki chenye kiuno, alisema. Labda nilikosea.

— Ulikosea sana, alisema Njogu muuza sabuni, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio ikakataa kufungika. Unataka ukingo wa mviringo halafu unachukua kisu kilichobonyea? Kwani hicho cha mviringo umekiweka pambo?

— Shida si kisu, alisema Muli, dereva mstaafu tunayemwita Usingizi. Hiyo aluminiamu ilikuwa sufuria. Imezoea moto, haitaki uzi. Nimeiota.

— Umeiota lini? nikamuuliza.

— Sasa hivi, mwaitu, mama yetu, kabla hujanimwagia kahawa mguuni.

— Mimi naona ni treni, alisema Njogu. Reli ikitetemeka, meza inatetemeka, kisu kinachora mawimbi. Huo ukingo wote ni mawimbi, ila macho yetu hayayaoni.

— Mawimbi hapa Sultan? nikamwambia. Hata mvua tunaisikia redioni.

Muli alikuwa amefumba macho.

— Basi achonge alfajiri, alisema polepole, chuma kikiwa bado kimelala. Kikiamka kitajikuta laini, na hakitajua ni nani alikigusa.

Hata mimi, na sipendi upuuzi, nilikiona hicho chuma kimelala gizani, kinapumua.

— Mkimaliza kuota, alisema Katunge kutoka mwisho wa benchi, katani mapajani na kile chombo miguuni, mniambie kama niende nyumbani.

Gedion alikurupuka.

— Injinia, lete mche wa sabuni.

Akakiburuta kile chenye kichwa cha yai kwenye ukingo wa sabuni. Kikaacha mtaro. Akageuza mche, akaburuta chenye kiuno. Ukingo ukatoka mviringo, laini kama bega la mtoto aliyeogeshwa.

— Sabuni si chuma, alisema Njogu.

— Na wewe si injinia, nikamwambia. Fungia huo mche kabla haujapata mawimbi.

— Kwa hivyo kisu kilikuwa sawa, alisema Gedion, na furaha hakuwa nayo. Na uzi bado unakatika.

— Chukua chenye kiuno kikubwa zaidi, alisema Muli.

— Hii mashine haina nguvu hiyo. Itarukaruka, itatafuna bamba lote.

Hapo ndipo alipofika Bilha, fundi wa cherehani aliyefungua duka juzi juzi, kuja kujaziwa kikombe. Alikitazama kile chombo, akapitisha kidole juu ya mwanya.

— Hapa uzi unapoingia pamelainika vizuri, alisema. Na kule chini unapotokea, mlitumia kisu gani?

Njogu alitazama ndani ya kikombe chake. Muli alifungua macho yote mawili, jambo nadra. Gedion alipeleka kidole chini ya bamba.

— Aiya! alisema, akakitia mdomoni kidole kilichochanjwa na ukingo wa chini.

Hakuna aliyecheka. Alifungua skrubu, akaligeuza bamba chini juu, akalibana mezani na kufunga kile kisu chenye kiuno. Mashine ikaanza kuimba kama nyuki walio mbali, vumbi la fedha likawa linaanguka taratibu, na sisi tukalitazama. Kahawa ikapoa.

Katunge hakushukuru mtu. Chombo kilipofungwa tena alilowesha katani, akaiingiza kwenye mwanya, akazungusha gurudumu. Uzi ukatoka. Ukazidi kutoka. Ukafika chini, ukajikunja, ukapita mguu wa Muli, ukaifikia ndara ya Njogu, na yeye bado amekodoa macho.

— Injinia, alisema Katunge, inua mguu. Unakanyaga uzi wangu.