Historia ya Marehemu Leoncio Mercedes, Tuliyemwita Nelsido

Padre, ndugu, majirani na wachezaji wenzake marehemu, familia inaomba mtuvumilie, kwani historia hii imeandikwa mara mbili, na ile ya kwanza, iliyokuwa imepigwa chapa vizuri, mjane wake Mireya aliichana jana jioni makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika kambi ya wakata miwa nje ya San Pedro de Macorís, mtoto wa pili wa Bi. Eufemia Mercedes, ingawa kitambulisho chake, cheti cha ndoa na kadi zote za hospitali zinasema 2 Oktoba 1968, na tarehe hiyo, pamoja na jina la Nelsido, ni mali ya mdogo wake aliyefariki kwa homa mwaka 1975, akiwa na miaka sita.

Alisoma hadi darasa la sita, akaacha shule kwa ajili ya besiboli, na Juni 1985 akaja wakala wa timu za ng'ambo aliyetaka vijana wasiozidi miaka kumi na saba, naye alikuwa na ishirini na mmoja, basi mama yake akafungua sanduku, akatoa cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, akampa.

Alicheza ng'ambo miaka kumi na mitatu, akarudi 1998 kuichezea timu ya nyumbani, na katikati ya hayo, tarehe 8 Juni 1991, alifunga ndoa na Mireya Polanco, wakajaliwa Yovanny na Dilenia, na kila tarehe 2 Oktoba Mireya alimwokea keki, naye kila mwaka akala kipande kidogo na kutoka nje, mkewe akadhani hapendi sukari.

Miaka yake mitano ya mwisho uwanjani ndiyo iliyotuchanganya wote, kwa kuwa magoti yalikuwa yamekwisha, mpira ulimpita akiwa bado anainua gongo la kuupigia, na majukwaani watu wakamzomea, "Babu, waachie watoto gongo, nenda kacheze domino!", kocha akamsihi apumzike, mkewe akamnunia na kumwuliza, "Unatafuta nini huko, Nelsido, mbona unajidhalilisha?", naye akajibu tu, "Mama anapenda kuja," na kweli Bi. Eufemia hakukosa mchezo hata mmoja, mpaka alipofariki tarehe 11 Januari 2007, na siku ya pili baada ya maziko marehemu akarudisha jezi, msimu haujaisha, bila kumweleza mtu.

Aliugua figo kuanzia 2021, akafariki jana alfajiri, tarehe 14 Novemba 2023, na jioni yake Mireya alipokwenda kuonyesha mahali pa kuzika, kando ya kaburi la Bi. Eufemia, mchimba kaburi alifyeka majani akakuta msalaba mdogo wenye jina lile lile na tarehe ile ile ya kuzaliwa, akauliza, "Mama, huyu mbona alishazikwa?", naye Mireya akaichana historia aliyokuwa nayo mkononi, hajui aliolewa na nani.

Ndipo Ercilia, dada wa marehemu, alipomwambia, "Wifi, mama hakuwa anakuja kutazama mchezo, alikuja kumsikia mtangazaji akimtaja Nelsido, na uwanja mzima ukimshangilia mtoto aliyekufa hajamaliza hata kung'oa meno ya utoto, na kaka alijua akistaafu jina lile halitatajwa tena."

Mireya ametuagiza tuseme kwamba amekasirika, kwamba miaka thelathini na miwili ni mingi mno kumficha mtu jambo kama hili, na kwamba bado haelewi, lakini Padre anahitaji jina moja la kuombea, na yeye ameamua kwamba yule mtoto aachiwe la kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika kahawa tangu jana, na wachezaji wenzake na mashabiki waliobeba jeneza, wakiwemo wale waliokuwa wakimwita babu bila kujua walikuwa karibu na ukweli.

Pumzika kwa amani, Leoncio, hivyo ndivyo mkeo alivyotaka tusome kwa niaba yake, kwa sababu amejaribu mwenyewe tangu asubuhi, na kila akifungua mdomo linatoka Nelsido.