Kuku Waliofichwa Naipingo: Tunamuaga Bwana Mifugo Eustakio

Ndugu Eustakio anastaafu tarehe 30 Juni 2008, baada ya miaka kumi na minane ya kuchanja kuku wa Ruangwa na Nachingwea, na ya kuwala.

Alianzia Mbwemkuru, kule Ruangwa, akahamia kwetu Nachingwea mwaka 1996. Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku kijiji kizima, ni tone moja tu kwenye jicho la kuku, na mkono wake ni mwepesi, hakosei. Lakini huku kwetu mgeni wa serikali haondoki bila kuchinjiwa, na Eustakio hakuwahi kumvunja mtu moyo kwa kukataa. Mimi Magreti, niliyekuwa nikipanda nyuma ya pikipiki na boksi la dawa, nilikula pia, sisemi uongo.

Basi watu wakajifunza kusikiliza. Pikipiki ikinguruma tu, kuku wanaingizwa uvunguni, mlango unafungwa, na kina mama wanatueleza kwa huzuni kwamba mwaka huu hawafugi. Naye anaandika kwenye ripoti, bila aibu: kijiji hakina kuku. Ripoti hizo tunazo, na tulizoea kuzicheka.

Septemba 2003 hatukucheka. Mdondo uliingia Naipingo. Bi Sikuzani alikuwa ameficha kuku ishirini na watatu, aliowafuga kwa ajili ya unyago wa mjukuu wake. Walikufa wote ndani ya siku nne. Aliwapakia kwenye tenga, akaomba lifti ya lori mpaka ofisini, akalitua tenga juu ya meza ya Eustakio.

“Bwana mifugo, nilikunyima mmoja,” alisema. “Haya, chukua wote.”

Wageni wa unyago walikula maharage, na mwali alilia siku yake yenyewe.

Wiki iliyofuata Eustakio alifika Naipingo alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, na muhogo wake wa kuchemsha mfukoni. Hakuna aliyemwamini. Alikataa kuku wa watu mwaka mzima, na kukataa kulimuuma, niliona kwa macho yangu. Ndipo milango ikaanza kufunguka. Tangu hapo mdondo haujafagia tena kijiji kile.

Ndugu Eustakio, ahsante. Ulichelewa, lakini kazi uliifanya, na tunajivunia. Ukaishi kwa afya na amani huko Mnero. Bi Sikuzani tulimwalika leo, hakuja. Ameagiza tukwambie kwamba yeye amekusamehe. Mjukuu wake ndiye bado.