Magoti ya Mama Aciro

"Maji yako machafu yanaingia kwangu!"

"Yangu? Mimi ndiyo mvua?"

"Weye mke wa polisi, unajiona sana!"

Wasikilizaji wapendwa, hao ni majirani wa Kasubi. Ukuta mmoja, mfereji mmoja. Aliyefoka ni Hortense, Mama Gradi, muuza vitenge kutoka Kongo. Aliyejibu ni Abwola, Mama Aciro, mjane wa polisi. Leo tunamkumbuka Abwola. Ametutoka Jumamosi.

Ugomvi ulikuwa Ijumaa. Ua mzima ulitoka kusikiliza. Nani angebaki ndani? Jioni Abwola akaenda mlangoni kwa Hortense, akakusanya gomesi yake, lile vazi refu la heshima, akapiga magoti. Banange! Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa magoti. Huyu mzee akampigia wa umri wa bintiye.

Hortense akadhani anachezewa. "Simama! Unanicheka mbele za watu?" Akafunga mlango.

Abwola aliinuka kwa kushika ukuta. Magoti yenyewe mabovu. Bintiye Aciro anasema: "Nilimwambia, mama, umejiaibisha. Akacheka. Akasema Mungu huwapinga wenye kiburi, wanyenyekevu huwapa neema. Basi mimi naitaka hiyo neema, mwanangu, nayo haiokotwi ukiwa umesimama."

Jumamosi asubuhi alikaa kibarazani kuchambua malakwang, mboga ya kwao Acholi. Moyo ukasimama, majani mkononi.

Hortense alisikia kilio kupitia ukuta ule ule. Turubai la msiba likafungwa, watu wakajaa, yeye hatoki. Wanawake wakanong'ona: "Kiburi hicho!" Hakikuwa kiburi. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango alioufunga mwenyewe, akiulilia.

Aciro, na ukoo wote unaompeleka Abwola kwao Gulu kumzika, poleni sana. Nasi, wapendwa, tujiulize: nani tulimwacha nje amepiga magoti?

Jumapili mchana, kabla ya safari, mlango ule ulifunguka. Hortense akatoka pekupeku. Akafika kwenye kamba ya turubai, akashindwa kuivuka. Akapiga magoti palepale, kwenye tope la mfereji.  

Aciro akatoka na sufuria, macho mekundu.

"Mboga hii mama aliichambua mwenyewe. Alisema ni ya kumwitia Mama Gradi." Akamshika mkono. "Inuka, dada. Ingia tule."