Marehemu Fundi na Michezo Yake ya Kusikiliza

Marehemu dada yetu, ambaye sote tulimwita Fundi hata kabla hajawa fundi wa chochote, alizaliwa tarehe 14 Mei 1984, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wake wa kiume, asiyeona tangu kuzaliwa. Tangu hapo walikuwa kama kurwa na doto.

Alisoma shule ya jirani na kumaliza kidato cha nne mwaka 2002. Jioni alimsomea mdogo wake vitabu, na kurasa zenye picha tu alizigeuza sauti: mlango kwa koo lake, mvua kwa mchele kwenye sinia. Mama yao alilalamika kwamba nyumba hii mvua inanyesha kila siku na mchele haupikwi.

Mwaka 2005 aliajiriwa katika duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Kompyuta alijifunza mwenyewe, na hapo ndipo alipoanza kutengeneza michezo ya simu ambayo kioo hubaki cheusi, mchezaji anavaa hedifoni na kwenda kwa kusikia, anayeona na asiyeona wakiwa sawa. Mteja mmoja alimjia juu: "Mama, mchezo wako umeua simu yangu! Kioo cheusi tii!" Marehemu akamjibu kwa upole, "Fumba macho, baba, itapona."

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2011 na fundi wa mafriji, wakajaliwa binti mmoja. Katika mchezo uliompatia umaarufu, mtu anatafuta funguo gizani bila kumwamsha shangazi. Mkoromo wa shangazi ni wa mume wa marehemu, aliyerekodiwa usingizini. Anaukana hadi leo.

Oktoba 2019 sikio la kulia la marehemu lilizima. Daktari aliona uvimbe kwenye mishipa ya fahamu ya masikio yote mawili. Mwenye sikio moja anasikia, ila hajui sauti inatoka wapi, na kazi yake yote ilikuwa kujua sauti inatoka wapi. Mdogo wake akawa masikio yake.

"Sauti ya bomba iko wapi?"

"Kushoto, dada, mbali kidogo."

"Hapa?"

"Umezidisha. Sasa shangazi anakoroma ndani ya sinki."

Novemba 2023 sikio la kushoto nalo likazima. Mume wake alimwandikia kwenye daftari. Mdogo wake hakuwa na maandishi ambayo dada yake angeyasoma. Aliongea, na maneno yakaishia hewani. Sisi wengine tulileta matunda, tukakaa, tukaondoka. Hatukuwa na la kufanya. Mchezo wake wa mwisho aliumalizia kwa kutazama tu mistari ya sauti kwenye kompyuta.

Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024, akiwa wodini, alimvalisha mdogo wake hedifoni. Mume wake alikuwa ameitwa dirisha la dawa.

"Sikiliza mlango wa kutokea. Umekaa kulia?"

Ulikuwa unasikika kushoto. Anayeufuata anagonga ukuta na hatoki.

"Dada, umegeuka," alisema. Akarudia kwa nguvu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Kaka, hakusikii huyo."

"Umekaa?" marehemu aliuliza tena, na kumshika mkono. Mkono wa marehemu ulikuwa umebaki mifupa. Mdogo wake angeweza kunyoosha kidole kushoto. Hakukinyoosha. Aliitikia kwa kichwa.

"Basi nimemaliza," akasema Fundi, akacheka. Jioni ile mume wake aliuweka mchezo mtandaoni, kama alivyoagizwa. Marehemu alifariki kesho yake, Jumamosi, saa tano asubuhi.

Mdogo wake ameomba haya yasomwe mbele yenu. Kuurekebisha mchezo hajui, na kumkabidhi mtu mwingine kazi ya dada yake bado hajaweza. Wachezaji wamekuwa wakipiga simu kwamba wamekwama ndani, na simu ya marehemu iko kwake. Huwaambia, "Subirini kidogo, ndugu zangu." Wasubiri nini, hajui.

Ameacha mama, mume, binti wa miaka kumi, na mdogo wake huyo.

Alale kwa utulivu, dada yetu, na amani imfunike.