Neno "Nipo" Kwenye Seva ya Zamani

Sogezeni viti, Danieli na wewe Tabita, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Nyumba hii ya Tunduma ni yenu, na shamba la kahawa la Mbozi mmeshagawana bila kelele, Mungu awazidishie. Limebaki la kompyuta ya chumba cha nyuma, ambalo nimewakatalia mwaka mzima, na leo nalisema lote nikitubu, maana sitaki kwenda nalo mbele za Bwana.

Mwaka 1999 nilisimama kanisani, mimi mzee wa kanisa, nikasoma kwamba dada yenu Restuta ametengwa na ushirika kwa kuishi na dereva wa lori bila ndoa. Karatasi ile angeweza kuisoma mwingine. Niliiomba mwenyewe, ili watu waone kwamba Lusubilo hapendelei damu yake. Alikuwa benchi la tatu. Alitoka kabla sijamaliza, akavuka mpaka kuingia Nakonde, na hatukumwona tena.

Ndiyo maana nikaanzisha tovuti ya waliopotea. Niliona aibu kumtafuta wa kwangu peke yake, nikaandika na wa wenzangu walioenda Kitwe na Lubumbashi wasirudi. Marehemu Watson, yule fundi, akatuwekea kwenye kompyuta hiyo ya chumba cha nyuma programu ya seva, ile inayowapokea wageni wa tovuti na kuwapa kurasa wanazotaka, akatengeneza na kisanduku cha kuandikia ujumbe. Mwaka 2009 ukaingia ujumbe usio na namba wala mji: "Baba, bado upo? R." Nilipiga magoti palepale sakafuni. Chini yake nikajibu neno moja, "Nipo". Nilitaka kuandika nisamehe, vidole vikakataa, nikasema nitaongeza kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka mitano, na yeye hakuandika tena.

Mwaka jana, Danieli, uliweka toleo jipya la seva. Kurasa zote zikahama, ila kisanduku cha Watson kikagoma kufanya kazi huko. Ukaniambia, "Mzee, la zamani tulitoe. Halitengenezwi tena, likitoboka hakuna wa kuziba." Nikasema liache liendelee kando. Ukacheka, "Yaani mbele tumefunga geti la chuma, nyuma unaniachia pazia!" Nikakukaripia kama mtoto, nikakwambia naogopa jipya likiharibika tutarudi wapi. Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa Restuta akirudi kugonga pale alipogonga mwanzo, akute hakuna wa kuitika.

Wakapita kwenye pazia hilo wezi, wakachukua namba za simu za familia zilizokuwa humo. Mama Kashinje wa Ivuna, anayemtafuta mwanawe Ngusa, akapigiwa simu kwamba mwanao amelazwa Ndola, tuma ya matibabu. Akauza ng'ombe wanne, akatuma, kisha akapanda basi akaenda mwenyewe. Alizunguka wodi zote, Ngusa hayupo. Aliporudi mlimwona, alikaa hapo kizingitini ameshika viatu mkononi, wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Mzee Lusubilo, namba yangu walipewa na nani?" Nikasema sijui, mama. Mungu wangu, nilikuwa najua.

Hapana, Tabita, weka kikombe. Nikinywa nitalala.

Ng'ombe wangu walioko Kamsamba wote ni wa mama yule. Nendeni Ivuna wenyewe, msipige simu, mmwambie nilisema sijui huku najua. Akiwafukuza, simameni nje mpaka amalize kusema. Na zile familia nyingine mzipitie moja moja.

Na programu ile ya zamani muitoe. Namba za watu umeshazifuta humo, Danieli, lakini pazia bado linapepea. Wiki nzima nimelala na ombi mdomoni, niwaombe muiache kwa ajili ya dada yenu. Halafu juzi nikaona kwamba mkishanifukia, ile "Nipo" itakuwa inamdanganya mtoto wangu. Kwenye tovuti mpya mwandikieni: Restuta, aliyekosa ni baba yako, siyo wewe. Sijui kama atasoma. Sijui kama yu hai, wala kama ujumbe ule ulikuwa wake kweli au mtu alinichezea. Mikono yangu hii haishiki hata kijiko, nitafanya nini tena?

Inameni niwaguse vichwa. Bwana awashike pale nilipowaachia. Awape midomo... midomo mizito kuhukumu. Akija dada yenu, msimuulize kitu. Mpeni kiti.

Danieli, leta ile kompyuta yako ya mkononi hapa kitandani. Angalia kisanduku mara moja tu. Hakuna? ... Haya. Weka kidole tayari. Utoe yote, usibakize...

Ngoja. Ngoja kwanza, mwanangu. Nikinyamaza ndipo utoe. Kwa sasa siyo uongo. Bado nipo.