Alama Mbili za Vestina

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya ukoo naomba usikivu wenu, maana huyu tunayemsomea wasifu hakupenda kurudia jambo mara mbili.

Mwalimu Evarist Rutaihwa alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 Buganguzi, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Kamugisha na Mama Joviana, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Bukoba, na tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza kwa nini, hadi wazazi wakamtuma shambani ili wapumue.

Alianza kufundisha Kiingereza Januari 1980, na lililomnyima raha ni neno “everybody”, linalokusanya watu wote wa kijiji, halafu kitenzi chake kinahesabu mtu mmoja tu. Alijaza daftari tatu akilichunguza pamoja na maneno ya jamii yake. Tarehe 29 Desemba 1984 alifunga ndoa na Georgina, baada ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu kadi za mwaliko wa harusi yake mwenyewe, wakajaliwa Renatha na Johnson.

Juni 1996, katika mtihani wa kidato cha tatu, mwanafunzi wake Vestina aliandika kwamba hakuna hata mmoja wa akina mama wa kwao aliyechelewa shambani, akatumia “none” na kitenzi cha wingi, Mwalimu akamkata alama mbili na kumsema mbele ya darasa, na wiki iliyofuata binti hakuonekana tena shuleni. Mwalimu alistaafu mwaka 2017, na miaka miwili baadaye, akiendelea na upekuzi wake nyumbani Rwamishenye, akasoma kwamba kwa neno hilo umoja na wingi vyote vinakubalika, hamu ya kula ikamwisha, kwa kuwa aliamini ndiye aliyemkatisha binti masomo.

Alimtafuta miezi minne, akampata Maruku tarehe 9 Novemba 2019, mama wa watoto wanne mwenye migomba yake. Vestina alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, Mwalimu akaikataa, na kila Mhaya aliyepo hapa anajua uzito wa kukataa kahawa ya mwenyeji. Mama wa watu akadhani ameletewa msiba. Mwalimu akakiri kosa lake akiwa amesimama. Vestina akamweleza kwamba siku ile aliumia kweli, lakini shule aliiacha kwa sababu mama yake alipooza na hapakuwa na wa kumuuguza, kisha akasema alama zake anazitaka, zote mbili. Mwalimu akaziandika kwenye karatasi, akatia saini, akaketi, akatafuna kahawa.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa Bukoba, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani, walimu wenzake, na Vestina, ambaye amelala hapa msibani tangu siku ya kwanza.

Mwalimu, makosa yetu uliyasahihisha kwa miaka thelathini na saba, na lako ukalifuata mwenyewe hadi Maruku. Tunakulilia. Upumzike salama.