Sifuri za Bi Ratiba

Risala ya wanachuo wanaohitimu kozi ya ualimu, mbele ya mgeni rasmi

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, hasa ninyi mliosimama kwa kukosa viti: tunawasalimu kwa heshima zote.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana chuoni kwetu. Tunajua una mengi ya kufanya, na kwamba umeahirisha mengine ili ukae nasi kivulini mwa turubai hili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji wako leo tunaumwa kidogo, kama utakavyosikia.

HISTORIA FUPI YA KOZI YETU

Katika chuo hiki mwanachuo hakabidhiwi darasa kabla hajaishi na watu. Kwanza anapelekwa mtaani wiki kumi. Anapanga kwa mwenyeji, anatafuta shida ambayo mwalimu anaweza kuisaidia, anaisaidia, kisha anarudi kuandika alichofundishwa na watu hao. Mwanzilishi wa kozi alikuwa akisema kwamba mwalimu asiyejua mtoto anaamkia wapi atamfundisha mtoto wa kwenye kitabu. Tunalikubali neno hilo mpaka leo.

Mwaka huu tulikwenda arobaini na wawili. Tulitawanywa mmoja mmoja, kila mtaa mtu wake, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya rafiki. Kila mmoja alipewa barua ya utambulisho, boksi la chaki, daftari la mahudhurio, na ratiba yenye muhuri wa chuo.

MAFANIKIO

Tumefundisha watu wazima kusoma na kuandika. Tumekaa na watoto wakati wa kazi za shule za nyumbani. Tumewaandikia barua wasiojua kuandika, na tumesoma vyeti vya dawa kwa wasioviona vizuri. Kwa mujibu wa fomu zetu, walionufaika ni watu elfu moja mia moja sitini na watatu. Tunaomba makofi yasubiri kidogo.

Katika hesabu hiyo, mwenzetu mmoja alichangia mtu mmoja. Mmoja tu, mgeni rasmi. Tunaomba ruhusa tumweleze, kwa kuwa hayumo kwenye orodha uliyopewa.

Sisi tunamwita Bi Ratiba. Ni msichana wa kupanga mambo, mpaka tukawa tunamtania kwamba hata kulia kwake kuna kipindi chake, na kengele ikilia anafuta machozi. Alipelekwa mtaa wa nyuma ya gereji, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya ofisi ya mtaa. Kilikuwa na mabenchi manne, ubao ulioegemezwa ukutani, na dirisha moja lililotazama matairi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kina mama kusoma, ili waweze kufuatilia madaftari ya watoto wao. Ratiba yake ilisema saa nane mchana.

Sasa, mwenye akili timamu angeuliza: saa nane mchana, mama gani wa mtaa ule yuko nyumbani? Wako sokoni, wako viwandani, wako kwenye majumba ya watu wakifua. Bi Ratiba naye aliliona hilo siku ya tatu. Lakini ratiba ilikuwa na muhuri, na yeye alikwisha kufundishwa kwamba mwalimu anayebadili vipindi apendavyo ni mwalimu mbovu. Akamwandikia mwalimu mlezi kuomba ruhusa ya kuhamia jioni, akangoja jibu. Huku akingoja, alifanya jambo ambalo ni mwanachuo wa ualimu tu anaweza kulifanya. Alifundisha.

Alifundisha mabenchi. Kila siku saa nane kamili aliingia, akafuta ubao, akaandika tarehe. Akasema, "Habari za mchana, wanafunzi." Na kwa kuwa andalio la somo linasema wanafunzi waitikie, aliitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba kidogo: "Nzuri, mwalimu." Kisha akaanza herufi. Saa tisa na nusu alifungua daftari, akaandika: waliohudhuria, sifuri. Akafunga mlango.

Alitusimulia haya juzi, tukiwa tunafua, wala hakusimulia kwa kujihurumia. Mwenyeji wake alikuwa mama mwenye kibanda cha chai stendi, anayeondoka alfajiri na kurudi amechoka hoi. Chakula chake Bi Ratiba alikikuta kimefunikwa, akala peke yake, akaosha sahani moja. Zilipita siku nne mfululizo, alisema, ambazo sauti pekee iliyomwita mwalimu ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa mpweke, mgeni rasmi. Alianza kuogopa Jumamosi, maana Jumamosi haikuwa hata na mabenchi.

Mwalimu mlezi alifika mara moja, wiki ya tano. Hatumlaumu. Yeye ni mmoja, sisi arobaini na wawili, na pikipiki aliyopewa ina matatizo yake. Alipofungua daftari na kuona sifuri zimepangana ukurasa mzima, alilifunga, akamwambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, fomu yangu haipokei sifuri. Chini ya kumi, umefeli. Jaza hata kumi na mbili, nani atakuja kuhesabu?"

Bi Ratiba alimjibu kwamba hakuwa na majina kumi na mawili. Mlezi akaondoka, na ruhusa ya kuhamia jioni akaisahau mfukoni.

Ikafika wiki ya tisa. Siku hiyo alikuwa katikati ya herufi, mlango ukasukumwa, akaingia mama mnene mwenye jasho, kanga kiunoni, mikono imekauka kwa joto. Alikuwa mpiga pasi wa chumba cha pili. Kati ya chumba chake na darasa ulikuwepo ukuta wa mbao tu.

"Samahani, mwalimu, sikai," alisema. "Pasi yangu ya mkaa, nikiiacha itaunguza nguo za watu. Nimekuja kuiona hiyo m."

"M gani, mama?"

"Hiyo unayosema ina vilima viwili. Tangu mwezi uliopita naisikia. Wewe unaandika, mimi huku naona mbao."

Akaonyeshwa. Aliitazama, akaifuata kwa kidole mpaka chaki ikamganda, akacheka peke yake kwamba kumbe ni kadogo hivyo. Alizijua sauti zote, mgeni rasmi. Mpangilio wa silabi alikuwa nao kichwani wote, ba be bi bo bu, wiki nane nzima, bila kuwahi kuona hata herufi moja. Kisha akageuka kutazama mabenchi.

"Na yule mwanafunzi wako yuko wapi? Yule mwenye adabu, anayekuitikia salamu. Nilijua mko wawili."

Bi Ratiba alitaka kudanganya, akashindwa. "Ni mimi, mama."

Harufu ya nguo inayoungua ikaanza kupita kwenye mbao, yule mama akaikimbilia pasi yake. Akiwa mlangoni ndipo alipogeuka na kusema, "Basi kuanzia kesho usijiitikie. Nitaitikia mimi."

Akaitikia kweli. Siku zote zilizobaki, Bi Ratiba akisalimu, ukuta ulijibu, "Nzuri, mwalimu." Lakini daftari linahesabu walioingia chumbani. Kwa hiyo aliandika moja kwa siku ile aliyoingia, na nyingine akaandika sifuri. Ndiye Bi Ratiba huyo. Chuo kikakagua, kikaona hakufika kumi, jina lake likakatwa.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba radhi kwa mkuu wa chuo, kwa sababu sehemu hii haimo katika nakala aliyoipitisha. Tuliiandika jana, tukapigiana kura. Waliokubali ni wengi. Waliokataa wamekubali kukaa kimya.

Ratiba za saa nane tulipewa wengi. Mabenchi matupu tulikuwa nayo wengi. Tofauti ni kwamba sisi tulijaza. Wapo walionakili majina kwenye foleni ya maji. Wapo walioandika shangazi zao. Mmoja wetu alimwandikisha bibi yake, Mungu amrehemu, na marehemu akahudhuria wiki zote kumi bila kukosa hata siku moja. Ile elfu moja mia moja sitini na watatu iliyosomwa hapa ni ya watu na vivuli, na sisi wenyewe hatujui tena nani ni nani.

Hatukudanganya kwa ujanja. Tulidanganya kwa aibu. Kila mmoja kule alikokuwa alidhani ni yeye peke yake asiyetakiwa na watu, na hakuwepo mwenzake wa kumwambia hata mimi pia. Tuliporudi chuoni kila mtu alisimulia mafanikio, upweke ukabaki mabegani.

MAOMBI

Tunaomba wanachuo wapelekwe wawili wawili. Atakayetaka kujificha atajificha hata akiwa peke yake. Sisi ni ushahidi.

Tunaomba saa ya darasa ipangwe na watakaohudhuria, hata kama muhuri utachelewa.

Tunaomba mwalimu mlezi apate msaidizi, na pikipiki inayowaka.

Tunaomba fomu ipokee sifuri. Mwalimu anayeweza kuandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe, wiki tisa, huku akijua itamponza, ndiye tungependa awafundishe watoto wetu tukija kuwapata.

Naye hakututuma, wala hakujua kwamba haya yatasomwa. Ameketi nyuma kabisa na wazazi, ametushikia mikoba yetu ili majoho yakae vizuri. Tunamwomba asiondoke.

Mezani kwako, mgeni rasmi, vipo vyeti arobaini na kimoja. Tunakuomba uviache hapo mpaka madaftari yetu yakaguliwe upya. Atakayekutwa hastahili arudishwe mtaani, naye ataenda. Ila kama sherehe haiwezi kwisha bila kutoa cheti, basi daftari lisilo na shaka leo ni moja, na mwenye nalo ni yule pale nyuma.

HITIMISHO

Mungu akurudishe kwako salama, akujalie afya, na kila utakakoingia ukisalimu, akupe wa kukuitikia.

Ni sisi, wanachuo wa mwaka wa mwisho, arobaini na wawili.